Programu naweza kuandika, sikio je?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kompyuta nikawa mvuvi. La, nipo. Nilikuwa nyumbani Mbwajumali, kisiwani Pate, na leo sitaandika kuhusu Linux wala simu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu usonji.

Dada yangu ana mtoto wa miaka sita. Hasemi ila maneno machache. Akipewa vifuu hapiki navyo mchangani kama wenzake, bali huvipanga mstari mmoja toka mlangoni hadi uani. Dada alipanda naye boti akampeleka kupimwa. Huko akaulizwa maswali ya fomu, ndiyo au la. "Mtoto huelekeza akitaka kitu?" Dada akajibu ndiyo. Na kwa nini asiseme ndiyo? Mtoto akitaka maji humshika mama mkono, akauvuta mpaka kwenye mtungi. Kwa dada, huko ni kuelekeza. Akaambiwa asubiri, mtoto atasema tu.

Niliporudi akaniambia, "Wewe si fundi wa kompyuta? Tutengenezee programu ya kupima." Basi nikaanza kusoma.

Nilichogundua ni kwamba programu ndiyo sehemu rahisi. Kuna mahojiano na mzazi yanayoitwa ADI-R, yaliyotolewa mwaka 1994 na Catherine Lord, Michael Rutter na Ann Le Couteur. Yana vipengele 93 na huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Kila jibu hupewa namba. Katika hesabu ya mwisho 3 hugeuzwa kuwa 2, namba hujumlishwa, kisha hulinganishwa na kikomo: 10 kwa mahusiano na watu, 3 kwa tabia za kujirudiarudia, na kadhalika. Hesabu hiyo naiandika mchana mmoja, na chai juu. Tena kompyuta imekwisha kuingia humo zamani: mwaka 2004 David Skuse na wenzake wa Uingereza walitangaza 3Di, mahojiano yanayoendeshwa kwa kompyuta, na hata Kilifi yametumika katika utafiti wa NeuroDev.

Sasa jiulizeni, namba inatoka wapi? Haitoki kwa mzazi, inatoka kwa anayehoji. Aliyefunzwa haridhiki na ndiyo au la. Husema, "Mama, hebu nieleze mara ya mwisho alipotaka kitu kilicho juu. Alifanya nini? Alikutazama?" Huendelea hivyo mpaka aone picha. Angesikia habari ya ule mkono, angejua kuwa kuelekeza kidole ili mwenzio naye aone ni jambo moja, na kutumia mkono wa mtu kama chombo ni jambo jingine. ADI-R huyahesabu mbalimbali. Programu yangu ingepokea "ndiyo" ya dada na kuijumlisha bila kosa. Ukitia uchafu, utatoa uchafu.

Halafu kuna mila. Kwetu mtoto kutomkazia mkubwa macho ni adabu. Asiyefunzwa anaweza kuona ugonjwa penye adabu, au adabu penye usonji. Aliyefunzwa atauliza: akichekeshwa na mama yake mwenyewe, humtazama? Na Kiswahili cha fomu si Kibajuni cha jikoni. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake, uliochapishwa 2015, ulikuta wazazi wa Pwani ya Kenya wakitaja mapepo na laana, lakini pia maradhi na matatizo ya uzazi. Mzazi wa namna hiyo anahitaji mtu wa kumsikiliza bila kumcheka.

Maoni yangu ni haya: pesa ziende kwa watu kwanza. Matabibu na wauguzi wa visiwani wafundishwe kuhoji. Wawili wasikilize mahojiano yaleyale, kila mmoja atoe namba zake peke yake, kisha walinganishe na wabishane, kama sisi tunavyokaguliana kazi kabla ya kuitoa. Hapo programu ina nafasi yake: kuhifadhi sauti kwa idhini ya mzazi, bila intaneti, na kuonyesha namba zilipoachana. Hiyo nitaiandika bure.

Najua mtasema saa mbili ni nyingi penye foleni. Kweli. Vifaa vyenyewe huuzwa, na mahojiano peke yake hayatoshi. Mtoto naye atazamwe, masikio yapimwe. Lakini hata muuguzi mwenye dakika kumi anaweza kuacha "ndiyo au la" na kusema "nieleze". Neno hilo halihitaji leseni.

Dada anajiandaa kwa safari ya pili. Nimemwambia wakimuuliza kuhusu kuelekeza, asijibu ndiyo. Amshike daktari mkono, auvute.

Kwenu hali ikoje? Niandikieni. Tukutane tena panapo majaaliwa.