MTOTO NAYE NI ABIRIA



Wengi wetu hapa Mashimoni tukisikia habari za viti vya watoto vya motokaa, twasema hayo ni mambo ya wenye motokaa. Sivyo. Watoto wetu nao hupanda gari, kwenda kliniki, kwenda mashambani mwezi wa Desemba. Ila wao hupakatwa. Makanga husema, "Mama, pakata mtoto," nasi twatii, tena twafurahi, kwa kuwa mtoto wa kupakatwa halipi nauli.

Sisi wa reli twajua mzigo usiofungwa hufanya nini behewa likigongwa. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu kama ya kilo 200. Mama gani ataishika? Na kuwafunga wawili mkanda mmoja ni vibaya zaidi, maana mama humbana mtoto kwa uzito wake wote.

Mtoto mchanga hukaa kiti chake, akitazama nyuma ya gari, wala si mbele penye mfuko wa hewa. Mkubwa kidogo huinuliwa ili mkanda upite begani, usipite shingoni. Shirika la Afya Duniani lasema viti hivi vyaweza kupunguza vifo vya watoto kwa 60 kwa mia.

Mtasema, matatu gani itatia viti hivyo? Hata mikanda ilisemwa hivyo. Bwana John Michuki alitoa kanuni mwaka 2003, na Februari 2004 matatu nyingi zikakosekana barabarani, watu wakaenda kazini kwa miguu. Kisha mikanda ikatiwa. Mtu mzima akapata kiti na mkanda. Mtoto akabaki magotini.

Hatusemi kila mzazi anunue kiti, mshahara twaujua. Twataka chama kizungumze na wenye magari ya safari ndefu: kila gari liwe na viti viwili vya watoto, na mtoto alipe nusu nauli. Hapo kwenye nauli tutapigiwa kelele na wenzetu. Lakini katika treni ya Mombasa mtoto wa miaka 3 mpaka 11 hulipa nusu, na kiti ni chake. Anayepanda bure ndiye makanga humtoa kitini kwanza.

Neno hili liwekwe mbele ya mkutano ujao wa tawi. Wake zetu nao waitwe, maana wao ndio wanaopakata.