Ushuru peke yake hautafufua kiwanda

Jamani, leo sizungumzii kompyuta. Ama tuseme nazungumzia kompyuta kwa kupitia mlango wa nyuma.

Wiki jana mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo cha viatu hapa Nairobi alinipigia simu saa nne usiku. Miaka minne iliyopita nilimwandikia programu ya hesabu za stoo, kwa hiyo nikadhani mashine imekataa kuwaka. Kumbe alitaka nimwandikie barua kwa serikali, iongeze ushuru kwenye viatu vinavyotoka China. Wafanyakazi wake walikuwa 31, sasa wamebaki 12. Akaniambia, "Kijana wangu, serikali isipofunga mlango wake, mimi nitafunga wangu."

Barua nimeandika. Lakini nina neno ambalo sikuthubutu kumkatizia mzee kwenye simu.

Sisi waandishi wa programu tuna dhambi moja tunayoijua sote. Programu inakwama na kutoa ujumbe wa kosa. Badala ya kulitafuta kosa, unaandika mistari miwili ya kuuzima ule ujumbe. Mteja anafurahi, unalipwa, unaenda zako. Kosa liko pale pale. Ushuru peke yake ndio ile mistari miwili.

Unabisha? Tazama sukari. Mwaka 2002 Kenya ilikubaliwa na COMESA kuwekea kikomo sukari ya nchi wanachama inayoingia bila ushuru, ili viwanda vyetu vipate nafasi ya kujirekebisha. Masharti yalikuwepo: serikali ibinafsishe viwanda vyake, mkulima alipwe kwa kiwango cha sukari iliyo ndani ya muwa badala ya uzito tu, na mbegu bora zitafutwe. Kila muda ulipokaribia kuisha tulirudi kuomba nyongeza, na miaka zaidi ya 20 ikapita hivyo. Mumias, iliyokuwa kubwa kuliko viwanda vyote vya sukari nchini, ilimiminiwa mabilioni ya pesa za umma, na bado mwaka 2019 ikaishia mikononi mwa meneja mrasimu. Sisemi sukari ya nje ndiyo iliyoiangusha peke yake. Hapo ndipo penye hoja yangu: ukuta hauponyi ugonjwa ulioko ndani ya nyumba.

Wale wa "soko huria liamue" nao wasishangilie mapema. Soko liliamua. Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri Nakuru mwaka 2014. Sameer Africa ikaacha kutengeneza matairi Nairobi mwaka 2016. Zote mbili zililalamikia bidhaa rahisi za nje, na zote mbili zikageuka kuuza zilizotengenezwa ng'ambo. Fundi aliyejua kuunda tairi alienda wapi? Ujuzi haukai stoo ukingoje bei ipande.

Kwa hiyo ni ukuta au jeneza? Hapana, iko njia ya tatu, na cha kuchekesha ni kwamba waliobuni mojawapo ya mifano yake ni Wamarekani. Mwaka 1962, wakati wa Kennedy, walipitisha sheria ya kufungua biashara, na ndani yake wakaweka msaada kwa wafanyakazi na viwanda vitakavyoumizwa na bidhaa za nje. Mwaka 1974 wakalegeza masharti. Kiwanda kilitakiwa kuonyesha kwa takwimu kwamba mauzo na ajira zimeshuka na bidhaa za nje zimechangia. Kisha kikaandika mpango wa kujirekebisha, na serikali ikachangia gharama za wataalamu wa kuutekeleza: wa uhandisi, wa masoko, wa mifumo ya kompyuta. Kwa msaada huo wa wataalamu, mwenye kiwanda hakupewa pesa taslimu mkononi. Alitoa sehemu yake mfukoni.

Haukuwa mpango wa malaika. Katika miaka ya 2010 sehemu ya viwanda haikufikia dola milioni 20 kwa mwaka kwa nchi nzima, na mwaka 2022 muda wa sheria uliisha Bunge lao likishindwa kukubaliana kuihuisha. Lakini wazo lilikuwa sahihi: lipia marekebisho, usilipie malalamiko.

Sasa rudi kwa mzee. Kwa ruhusa yake nilifungua data yake. Viatu vya shule ndivyo vinavyomlisha, na wanunuzi huvitaka Januari. Kila mwaka soli zinamwishia stoo mwishoni mwa Novemba, oda zinachelewa, na mwenye duka anakimbilia kwa muagizaji ambaye mzigo wake uko tayari. Bei ya China inamuuma, ndiyo. Lakini baadhi ya wale wateja hawakuondoka kwa sababu ya bei! Hakuna ushuru utakaomletea soli Novemba.

Serikali yetu ina Kenya Industrial Estates tangu 1967 na KIRDI tangu 1979. Sheria ya 2017 iliunda hata wakala wa kuchunguza bidhaa zinazotupwa sokoni kwetu kwa bei ya hasara. Hatuhitaji jengo jipya wala kamati ya kuzunguka ng'ambo. Tunahitaji haya:

1. Kiwanda kilete takwimu za miaka mitatu, si barua ya machozi.
2. Kilete mpango wenye tarehe. Serikali ilipe nusu ya mtaalamu, mwenyewe alipe nusu.
3. Ushuru wa kinga, ukiwepo, uwe na siku ya kufa, na siku hiyo isisogezwe.
4. Matokeo yachapishwe kila mwaka: nani alipewa, kiasi gani, ajira ngapi zimebaki.

Najua mtasema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, maana pesa hizo zingine zitaishia kwa watu kama mimi. Kweli kabisa. Ndiyo maana nimeweka namba 4, mje mniangalie na mimi.

Jumamosi naenda kwa mzee na ratiba ya soli. Hiyo ni bure. Wale 12 wasipopata mshahara Januari, barua yangu nzuri haitawalisha.