Somo la Kongwa

Siku hizi twaambiwa kwamba mitambo yenye akili itaondoa njaa na jembe la mkono katika miaka michache. Watu wa Dodoma wamekwisha kusikia ahadi za namna hiyo.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Kongwa, ikikusudia kufyeka ekari zaidi ya milioni 3. Wajumbe waliopima mpango huo walizunguka kwa wiki 9 tu. Yakaletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mizizi ikavunja majembe, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikakosekana. Januari 1951 mpango ukavunjwa, baada ya mamilioni ya paundi kuteketea.

Hatusemi mashine ni adui. Treni ya umeme iliyofika Dodoma mwaka 2024 ni faida ya wananchi. Lakini kila anayetuletea ahadi ya miujiza na aulizwe: je, ameupima udongo wetu? Amewauliza wakulima habari za mvua yao? Asiye na jibu na aanze na shamba dogo, kabla hajapewa fedha ya umma.