Helikopta haina panga, ina mabawa

Muulize mwanafunzi yeyote wa kitivo chetu namna helikopta inavyoruka, naye atakujibu upesi: ina panga kubwa juu, panga linazunguka, chombo kinapanda. Muulize tena: mbona mwili wake hauzunguki pamoja na panga? Na injini ikizimika angani, itakuwaje? Hapo jibu linakwisha.

Wenzangu watasema fizikia si kazi yetu. Ni kweli. Lakini maneno ni kazi yetu, na nadhani hapa neno ndilo linalotufunga. Vitabu vya Kiswahili vinavyotufikia kutoka ng'ambo ya maziwa husema "panga" au "pangaboi". Sisi mitaani tunasema "helisi", tuliyoirithi kwa Kifaransa. Neno la kwanza linamfanya mtoto awaze kitu kinachokata au kinachopuliza. La pili halimfanyi awaze chochote. Hoja yangu ni kwamba darasani tuseme "bawa".

Tutazame ndege ya kawaida. Bawa lake limeinama kidogo, ukingo wa mbele ukiwa juu. Ndege ikikimbia uwanjani, bawa linaipeleka hewa chini, na hewa nayo inalisukuma bawa juu. Bila mbio hakuna kuruka, ndiyo maana ndege inadai uwanja mrefu. Helikopta inatumia kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba haikimbizi mwili mzima. Inayakimbiza mabawa peke yake, kwa kuyazungusha. Vile vipande virefu na vyembamba vilivyo juu yake ni mabawa kamili, kwa umbo na kwa kazi. Kwa hiyo inainuka palepale iliposimama, na inaweza kutulia hewani juu ya kiwanja kidogo cha kijiji.

Ukikubali kwamba ni mabawa, mengine yanafuata bila taabu. Rubani akitaka kupanda, haongezi mbio za mzunguko. Mbio hizo hubaki karibu vilevile. Anaongeza mwinamo wa mabawa yote kwa pamoja, yapate kusukuma hewa zaidi. Akitaka kwenda mbele, anabadili mwinamo wa kila bawa kadiri linavyozunguka, uwe mkubwa upande mmoja wa duara na mdogo upande wa pili. Duara lote linalala mbele, na nguvu iliyokuwa ikiinua tu inaanza kuvuta pia. Na kwa kuwa injini inayozungusha mabawa upande huu inausukuma mwili uzunguke upande ule, panahitajika rafadha ndogo mkiani ili kuuzuia.

Je, injini ikizimika? Wengi hudhani chombo kitaanguka kama jiwe. Pangaboi likikatiwa umeme limekwisha kazi, lakini bawa linafanya kazi maadamu hewa inapita juu yake. Rubani anapunguza mwinamo mara moja. Chombo kinashuka, na hewa inayopanda kutoka chini inaendelea kuyazungusha mabawa. Karibu na ardhi anauongeza mwinamo tena na kutumia mbio zilizobaki ili kutua polepole. Marubani hufundishwa jambo hili na kulifanyia mazoezi.

Bawa linatueleza hata habari za nchi yetu. Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Matadi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Bawa linapata hewa kidogo ya kusukuma, kwa hiyo helikopta ileile inaweza kulazimika kupunguza mzigo.

Ajabu ni kwamba "bawa" limo tayari ndani ya neno lenyewe. Mfaransa Gustave de Ponton d'Amécourt alilitunga mwaka 1861 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: helix, yaani kizingo, na pteron, yaani bawa. Hapo ilikuwa bado miaka 78 kabla ya Igor Sikorsky kurusha VS-300 yake huko Marekani, mwaka 1939. Neno lilitangulia chombo, na lilikuwa sahihi. Kiunzi chake ni heliko na pter. Wanaolikata "heli" na "kopta" wanalipasua bawa katikati. Sisi tumepokea sauti yake, maana tukaiacha njiani.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza: lugha ni ya wasemaji, na wasemaji wameshachagua. Sawa, mitaani waendelee kusema watakavyo. Mimi nazungumzia kitabu cha shule. Ya pili: rubani husema na mnara kwa Kiingereza au Kifaransa, basi Kiswahili cha nini? Rubani anahitaji lugha ya mnara ili aeleweke. Mtoto wa Goma au Bunia, ambaye kwa miaka mingi ameona helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa zikipita juu ya nyumba yao, anahitaji lugha ya nyumbani ili aelewe. Akifika sekondari atakariri portance kwa Kifaransa na kupata alama zake, bila kujua kwamba ndicho kile alichokitazama utotoni.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha zetu nne za taifa. Heshima hiyo haitoshi ikiwa sisi wanaisimu tunakaa na kamusi, tunatafsiri istilahi kwa kutazama istilahi nyingine, bila kukitazama kitu. Anayeandika tasnifu ya istilahi mwaka huu avuke ua, aende kitivo cha sayansi, aulize kwanza: kitu hiki kinafanyaje kazi? Akishajua, ndipo akipe jina.