Fundi Wetu: Kabla Hujamtuma Mtu Rezista Mjini

  Mwezi huu maswali mengi mliyotuletea yanahusu kitu kinacholingana na punje ya mchele, nacho ni rezista. Ndugu zetu waliosomea upande wa Kongo na Burundi wanaiita rezistansi. Wengine wanasema tu "kale kadude kenye rangi-rangi". Ni kitu kile kile.

Karibu wote mmeuliza: inapatikana wapi? Sisi tunasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni: unataka ipi? Maana mnajua wenyewe ilivyo. Mtu anahangaika na kibali cha kutoka, analipa nauli mpaka Kasulu, anafika dukani anasema, "Nipe rezista." Muuzaji anamwuliza, "Ya ngapi?" Kimya. Anapewa yoyote, anarudi nayo, inaungua siku hiyo hiyo. Nauli imekwenda, redio bado imekufa, na watoto wanaendelea kusoma kwa mwanga wa kuni. Rezista yenyewe bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kuifuata, kwa hiyo hasara kubwa iko njiani.

Kazi ya rezista ni kuubana umeme usipite mwingi kuliko kifaa kinavyoweza kubeba. Ukiitaka, lazima ujue namba mbili: omu, yaani inabana kiasi gani, na wati, yaani inastahimili joto kiasi gani bila kuungua. Omu limetokana na jina la Georg Simon Ohm, mwalimu wa hesabu wa Ujerumani aliyeandika sheria yake mwaka 1827. Wati mafundi wengi wanaisahau, na ndiyo inayochoma vitu.

Omu zinasomwa kwa rangi. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, rangi ya chungwa 3, manjano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Kwenye rezista ya mistari minne, mstari wa dhahabu au wa fedha uweke kulia, kisha anza kusoma kushoto. Mistari miwili ya kwanza ni namba, wa tatu ni idadi ya sifuri. Nyekundu, nyekundu, kahawia: 2, 2, na sifuri moja, yaani 220. Manjano, zambarau, chungwa: 4, 7, na sifuri tatu, yaani 47,000. Dhahabu maana yake inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, fedha asilimia 10. Zile za mistari mitano zina namba tatu kwanza, halafu sifuri. Tafadhali msisome rangi usiku kwa kibatari. Nyekundu, chungwa na kahawia zinafanana sana gizani, na mwenye kukosea hapo anachukua 22,000 badala ya 220.

Na jambo moja linalowachanganya vijana wetu wanaojifunza: ile "R12" iliyoandikwa kwenye bodi ya redio siyo omu 12. Ni jina la mahali tu, kama namba ya nyumba kwenye bloku. Lakini ukikuta 4R7 imeandikwa kwenye mwili wa rezista yenyewe, hiyo ni omu 4.7, na 2K2 ni omu 2,200. Vile vidogo vyeusi vya bapa vilivyoandikwa 473 vinasomwa kama rangi: 47 na sifuri tatu.

Sasa tuje kwenye taa, maana hapo ndipo wengi wameumia. Kijana mmoja ametuletea taa aliyoitengeneza mwenyewe: vitaa vitatu vyeupe vya LED vimefuatana, vinatumia betri ya gari ya volti 12. Iliwaka vizuri wiki moja, halafu mchana mmoja betri ikiwa inachajiwa na sola, vyote vikafa. Alipiga hesabu, na hesabu yake haikuwa mbaya. Kitaa cheupe kinakula volti 3.2 hivi, vitatu ni 9.6. Kumi na mbili toa 9.6 inabaki 2.4. Akataka mkondo wa miliampea 20, yaani ampea 0.02. Gawanya 2.4 kwa 0.02, unapata 120. Akaweka omu 120.

Shida ni kwamba betri "ya volti 12" haikai kwenye 12. Ikipigwa na sola mchana inapanda mpaka 14 na zaidi kidogo. Kwa 14.4 zinabaki volti 4.8, ukigawa kwa 120 unapata miliampea 40. Ni mara mbili ya kile vitaa vinachoweza. Ndiyo maana vilikufa mchana, wala si uchawi wa jirani. Sisi tungepiga hesabu kwa 14: kumi na nne toa 9.6 ni 4.4, gawa kwa 0.02, ni 220. Hiyo inauzwa hivyo hivyo dukani. Usiku betri ikishuka kwenye 12 mwanga utapungua, maana mkondo utakuwa miliampea 11 tu, lakini mtoto atasoma na taa itaishi.

Wati je? Zidisha volti zilizobaki kwa mkondo: 4.4 mara 0.02 ni 0.088. Robo wati inatosha kabisa. Lakini ukiweka kitaa kimoja peke yake kwenye betri hiyo hiyo, utahitaji omu 560, nayo itakula wati 0.2 na zaidi. Robo wati hapo itakuwa ya moto mkononi. Chukua ya nusu wati. Desturi yetu ni kuzidisha wati za hesabu mara mbili. Nyumba zetu ni za nyasi na turubai, jamani, na kitu cha moto kilichofungwa kwa plasta juu ya paa si cha kuchezea.

Mama mmoja ameuliza kama ni sawa mwanawe kuchaji simu kwa betri ya gari kwa kupitisha rezista katikati, "eti inapunguza volti". Mama, mkataze leo. Rezista inapunguza volti kwa kadiri umeme unavyopita. Simu ikiwa na njaa inavuta mwingi, volti zinashuka, unaona mambo ni mazuri. Simu ikianza kushiba inavuta kidogo, rezista nayo inaacha kubana, na simu iliyotaka volti 5 inaelekezewa zile 12 zote. Mkikuta betri ya simu imevimba kama andazi, msiitoboe, msiichaji tena, itoeni nje ya nyumba. Kwa kazi hiyo tumieni chaja ya gari, ile ya tundu la sigara, au fundi awafungie kile kifaa cha miguu mitatu kinachoitwa 7805 pamoja na bati la kupoza. Hicho kinashika volti 5, simu ivute mwingi au kidogo.

Tuseme sasa redio ya fundi imeletwa na rezista imeungua mpaka rangi hazionekani. Utajuaje ilikuwa ngapi? Kama ni redio au amplifaya ya stirio, tazama upande wa pili. Spika ya kulia na ya kushoto zina njia zinazofanana, na rezista iliyoungua kulia ina pacha wake mzima kushoto. Pima pacha. Kama hakuna pacha, tafuta redio nyingine ya aina hiyo hiyo hapa kambini. Mara nyingi ipo, maana wengi tulinunua kwa mchuuzi mmoja. Na kabla hujaweka mpya, uliza kwa nini ile ya kwanza iliungua. Rezista mara chache inajifia yenyewe. Karibu nayo kuna transista, dayodi au kapasita iliyoshoti, na usipoipata hiyo utazika rezista kumi.

Kuna moja ambayo hatutaki kabisa mbahatishe. Kwenye mashine zinazotumia umeme wa jenereta, pale umeme unapoingia, mara nyingi kuna rezista ya omu chache sana, 1 au 10 hivi, iliyowekwa makusudi ikatike kama fyuzi. Tumeona watu wanaweka kipande cha waya mahali pake. Redio inaimba, mwenye nyumba anafurahi, na siku ya shoti hakuna cha kukatika. Hiyo itafutwe ya aina ile ile, au kazi isubiri.

Haya, inapatikana wapi. Kwanza ni hapa hapa, kwenye vyombo vilivyokufa. Bodi moja ya redio mbovu ina rezista nyingi kuliko utakazotumia mwaka mzima. Ichomoe, ipime kwa mita ikiwa imetolewa bodini, au angalau mguu mmoja umenyanyuliwa, la sivyo unapima na majirani zake. Usishike miguu yote miwili kwa vidole, maana mwili wako nao unapitisha umeme na mita itasoma uongo kwenye omu kubwa. Ziwekeni kwenye viberiti vitupu, kila kiberiti na namba yake. Angalizo kwa watoto: televisheni za zamani na vifaa vya jenereta vinabaki na umeme ndani hata vikichomolewa, wasivifungue peke yao.

Ukikosa namba kamili, unganisha. Ya 100 na ya 120 zikifuatana zinafanya 220. Mbili za 470 zikikaa sambamba zinafanya 235, na kwa taa ile ya juu inafaa kabisa. Vilevile usiombe 450 dukani ukashangaa kuambiwa hakuna. Zinatengenezwa kwa hatua: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, kisha sifuri zinaongezwa. Chukua iliyo karibu, na kwa taa chukua ya juu yake.

Ikibidi kutuma mtu Kasulu au Kigoma, mwandikieni karatasi: "Omu 220, robo wati, vipande 10." Vipande 10, siyo 1, kwa sababu ya nauli tuliyoisema. Kama mnayo ile mbovu, ibandikeni kwa plasta kwenye karatasi hiyo hiyo ili muuzaji aone ukubwa. Mwenye jamaa Dar es Salaam anaweza kumtuma Kariakoo kwa zile ngumu kupatikana, za wati 5 na zaidi. Wa wati kubwa ya sahihi omu hakuna neno, ilimradi inaingia mahali pake, isipokuwa ile ya fyuzi. Wa omu tofauti, hapana.

Mkikwama kwenye hesabu, leteni kifaa chenyewe pamoja na betri yake, siyo maelezo tu. Mwezi ujao tutajibu yule baba aliyeuliza kwa nini betri yake ya pikipiki inajaa upesi na kuisha upesi. Baba, kwa sasa angalia maji ya betri kama ni ya aina ya kuongezwa, na usiiache ikae tupu usiku kucha.