Visima vya Thika na Ruiru: Kina pekee si hakikisho la maji salama

SENSA ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Katika mitaa mingi ya miji hiyo, maji ya mfereji hayatoshi, na kisima ndicho kimbilio. Hata hivyo, anayechimba kisima huuliza zaidi kuhusu kina na gharama, ilhali historia ya miamba ndiyo huamua atakachoteka.

Chanzo cha historia hiyo ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto. Inapojipenyeza katika miamba bila kufika juu, kwanza huipasua na kufungua njia mpya za maji na gesi. Pili, huyapasha moto maji yaliyomo, yakapanda, na yaliyo baridi yakashuka kuchukua nafasi yao. Tatu, ikishapoa hugeuka ukuta mgumu unaoweza kuyazuia maji, nayo madini yaliyoyeyuka huganda na kuziba nyufa.

Mifano haiko mbali. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, maji yaliyopashwa joto na magma yalianza kuzalisha umeme 1981. Katika msitu wa Kereita, eneo la Lari, ambalo liko katika Kaunti ya Kiambu sawa na Thika na Ruiru, gesi ya kaboni dioksidi hupanda kutoka ardhini na kuvunwa kwa matumizi ya viwandani.

Mnamo Julai 2007, magma ilijipenyeza chini ya mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron nchini Tanzania. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa majumba hadi Nairobi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikadiria kuwa nyufa za eneo la Magadi na Natron hutoa takriban tani milioni 4 za kaboni dioksidi kila mwaka.

Thika na Ruiru haziko juu ya moto kama huo. Lakini ardhi yake ni tabaka za lava na majivu ya volkeno za kale. Mawe ya Ndarugo yanayojengea nyumba ni ushahidi. Maji ya mvua hupenya katika nyufa na mipaka ya tabaka hizo, na kadiri yanavyokaa ndani ndivyo yanavyozidi kuyeyusha madini, hasa floraidi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi hapo kwa muda mrefu, meno ya watoto hubadilika rangi, na viwango vya juu zaidi hudhuru mifupa. Kuchemsha maji hakusaidii, kwani maji hupungua nayo floraidi ikabaki.

Kwa hivyo, kuchimba zaidi si dawa. Huenda kukamfikisha mchimbaji kwenye maji mabaya zaidi. Linalohitajika ni kila kisima kupimwa kabla ya kutumiwa, matokeo yatangazwe kwa wakazi, na maji yenye floraidi nyingi yachanganywe na ya mto yaliyosafishwa au yatengewe kazi nyingine. Mzazi anayenunua mtungi ana haki ya kujua kilichomo.