Barua ya Mgeni Rasmi Iandikwe na Darasa la Nne

Septemba ya Kinampanda ni vumbi na upepo. Alizeti imeshavunwa, mvua bado, na katika shule za msingi za kata hii ya Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, kelele za aina mbili hugombania saa zilezile. Darasani watoto wanaimba jedwali la kuzidisha. Nje, chini ya mwarobaini, wenzao wanapiga dumu tupu la mafuta lililogeuzwa ngoma. Ni majira ya mahafali ya darasa la saba.

Ajabu ni kwamba mzigo wa sherehe hiyo hawaubebi la saba. Wao wameshamaliza mtihani wao wa taifa wa siku mbili na wanachosubiri ni cheti, picha na kipande cha keki. Wanaoimba, kucheza na kughani ni wadogo zao, hasa la nne na la tano. Na la nne lina lake: Oktoba linakabiliwa na upimaji wa kitaifa, na asiyefikia kiwango anaweza kukariri darasa.

Lifuate darasa hilo kwa wiki moja. Jumatatu ni fagio na kidumu cha maji, usafi wa eneo, paredi, wimbo wa taifa, matangazo ya mwalimu wa zamu. Kisha vipindi vya dakika 40, Hisabati ikitangulia kabla jua halijawa kali, na uji saa nne pale ambapo wazazi wamechanga mahindi. Jumanne hivyohivyo. Jumatano kiranja anaitwa ofisini, anarudi na karatasi yenye majina ya watoto wa ngonjera na wa kwaya. Kufikia Alhamisi madawati ya nyuma yamebaki matupu. Ijumaa baada ya uji hakuna anayeuliza kipindi. Shule nzima iko uwanjani.

Wazazi wengi hulalamika hapo, na baadhi ya walimu wa taaluma huwaunga mkono chinichini: mazoezi yanakula masomo. Safu hii haikubaliani nao. Mtazame mtoto aliyepewa ubeti wake kwenye kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini. Nyumbani anazungumza Kinyiramba na bibi yake. Darasani, akisimamishwa kusoma aya, sauti inapotea. Chini ya mwarobaini anaurudia ubeti mara kumi na tano bila kulazimishwa, anajua wapi pa kuvuta pumzi, na mwenzake akikosea neno anamrekebisha kabla ya mwalimu. Kama hicho si kipindi cha Kiswahili, basi ni vigumu kujua kipindi cha Kiswahili ni kipi.

Wala ngonjera haikuzaliwa iwe burudani ya kusubiria chakula. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, mkoa jirani na Singida, aliikuza baada ya Azimio la Arusha la 1967 kama ushairi wa kujibizana jukwaani, mmoja hajui na mwingine anamwelimisha. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye akiwa ameshafariki mwaka 1969. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 nao umeipa Sanaa na Michezo nafasi yake kwenye ratiba kuanzia darasa la tatu. Kwa hiyo ubishi wa kama ngoma ni somo umeshamalizwa na serikali yenyewe.

Kasoro iko kwingine. Watoto wanaachiwa jasho, watu wazima wanachukua sehemu yenye akili.

Chukua barua ya mwaliko. Mtoto wa darasa la nne anafundishwa kuandika barua: anwani, tarehe, salamu, kiini, jina na sahihi. Anamwandikia mjomba wa kubuni, wa mji wa kubuni, kuhusu likizo ambayo hakwenda. Wiki hiyohiyo shule ina barua ya kweli ya kumwandikia diwani au ofisa elimu kata, na barua hiyo inachapwa steshenari kwa kunakili ya mwaka jana na kubadilisha tarehe. Risala nayo ni hivyohivyo. Mtoto anaisoma kwa sauti nzuri, madawati, nyumba za walimu, matundu ya vyoo, lakini si yeye aliyeyahesabu hayo matundu.

Au chukua soda. Kreti moja ina chupa 24. Wageni 150 wanahitaji kreti ngapi, na zitabaki chupa ngapi? Ni saba, na zinabaki 18. Hesabu hiyo hufanywa na kamati ya wazazi kwa simu ya mkononi huku darasa la nne likigawanya maembe ya kitabuni. Halafu siku yenyewe mgeni rasmi anachelewa, watoto wanasimama juani na njuga miguuni, na mapishi ya kuku wa Singida yanapoa.

Kinampanda haina kisingizio katika jambo hili. Hapa kuna chuo cha ualimu cha serikali, chenye mizizi katika kazi ya wamisionari wa Kilutheri, na walimu tarajali hupaswa kwenda mashuleni kwa mafunzo ya vitendo. Huandaa maazimio ya kazi, maandalio ya somo na zana, na hukaguliwa kwa hayo. Mkufunzi angeweza kuomba andalio moja tu la ziada: wiki ya sherehe, ikionyesha kipindi kipi cha Hisabati kimehamia kwenye bajeti ya pilau na kipi cha Kiswahili kimehamia kwenye barua.

Kazi hiyo haifai kucheleweshwa. Kwa sera mpya elimu ya msingi ni miaka sita, na watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kuishia la sita. Mwaka 2027 watamaliza pamoja na la saba la mwisho. Shule iliyozoea kukodi viti na maturubai kwa ajili ya darasa moja itaaga mawili kwa mpigo, na wazazi wa pande zote mbili watataka kukaa kivulini. Viti vingapi, kreti ngapi, kilo ngapi za mchele: maswali hayo yanaweza kuandikwa ubaoni tangu sasa.